Mrejesho: Nilichukua milinganyo tofautishi

Ndugu zangu, ni mimi niliyeuliza kama nichukue somo la milinganyo tofautishi (differential equations, hesabu za jinsi vitu vinavyobadilika) muhula huu ilhali intigresheni (integration, kinyume cha kutafuta kasi ya badiliko) inanipiga chenga. Mlinikaripia niirudie kwanza. Nikairudia wiki mbili chumbani Wandegeya, Kampala, rolex (chapati iliyoviringishiwa mayai) mkononi, ndipo nikajiandikisha.

Kilichonifungua macho ni swali la chai inayopoa. Ina nyuzi 85, chumba kina 25. Ikishuka hadi 55 kwa dakika 10, dakika ya 20 itakuwa 40. Mimi nilitoa 30 tena, nikaandika 25! Kumbe ile tofauti ya 60 kati ya chai na chumba ndiyo hupungua nusu kila dakika 10; joto halishuki kwa kiasi kilekile.

Jaribio la kwanza nimepata 68. Alama nyingi zilikwenda kwa kusahau +C (namba isiyobadilika inayoongezwa mwisho wa intigresheni), aibu tupu. Laplace, ile mbinu ya kugeuza milinganyo hii kuwa aljebra, ndiye bado ananitoa jasho.