PET ya baba: kwa nini tusubiri wiki 12?

BintiWaTanga: Shikamooni wakubwa. Baba alimaliza mionzi na kemo ya saratani ya koromeo mwezi uliopita. Anameza uji tu, na shingoni bado kuna kitezi ninachokipapasa kila jioni. Nataka apigwe PET (picha ya kutafuta saratani iliyobaki mwilini) Nairobi sasa hivi, daktari anasema hadi wiki ya 12 baada ya tiba. Silali. Kwa nini tusubiri?

MamaNesi: Marahaba mwanangu, pole. Kwenye PET, ile sukari yenye mionzi inayodungwa mshipani hukimbilia saratani, lakini pia nyama iliyovimba kwa tiba. Mkipima mapema, picha itawaka hata kama ugonjwa umekwisha, na mzee anaweza kupasuliwa bure. Utafiti wa Uingereza wa 2016, wagonjwa 564, ulionyesha waliofuatiliwa kwa PET wiki ya 12 waliishi sawa na waliopangiwa upasuaji wa shingo, na wengi wao hawakuguswa kisu. Ila kitezi kikikua au akianza kutoka damu, rudini hospitali siku hiyohiyo.

Msafiri_K: Kama ana kisukari, waambieni kabla ya safari. Sukari ikiwa juu kipimo huahirishwa. Asile angalau saa 4 hadi 6 kabla, maji matupu ruksa.

BintiWaTanga: Anacho! Asanteni mno. Ikitoka safi, tutarudia kila miezi mitatu?

MamaNesi: Kwa kawaida hapana, kama hana dalili mpya. Kliniki ndiyo msiikose: shingo ipapaswe, kamera ipitishwe puani. Na damu ipimwe homoni ya tezi ya shingo (thyroid, si kile kitezi unachokipapasa), maana mionzi huidhoofisha polepole.