Shisha ya Jumamosi tu, mbona moyo unaenda mbio?

MwanaMwanga: Wakuu, habari za jioni. Nina miaka 22, niko Kigoma. Sigara sivuti. Ila Jumamosi tukitoka mpirani tunakaa wanne na shisha ya tofaa, kama saa nzima. Juzi nilipoinuka kichwa kikazunguka, nikashika ukuta, moyo unadunda kama nimekimbia kutoka stesheni kupanda hadi Mwanga. Na siku hizi Alhamisi tu nimeshaanza kuiwaza. Mara moja kwa wiki inaweza kuninasa kweli?

DadaNesi: Pole mdogo wangu. Inaweza. Maji ya shisha yanapoza moshi tu, nikotini, kile kilevi cha tumbaku, inapita. Inafika kwenye ubongo ndani ya sekunde chache, mapigo na presha vinapanda. Ubongo unaendelea kukomaa hadi miaka 25 hivi, ndiyo maana vijana hunaswa upesi. Kizunguzungu kinaweza kuwa pia hewa ya sumu ya mkaa, kaboni monoksaidi, inayochukua nafasi ya oksijeni kwenye damu. Mwenzenu akilegea, mtoeni nje, mkimbizeni hospitali. Tafadhali sana.

Kaka_Ujiji: Mimi nilianza hivyohivyo, "mara mojamoja". Mwaka wa pili nikawa naamka na sigara. Kuiacha kulinitesa, silali, nagombana na mke wangu kwa chumvi ya mboga. Halafu shisha serikali ilishaipiga marufuku tangu 2016, ndugu yangu.

MwanaMwanga: Asanteni, dada na kaka. Jumamosi hii nikitoka mpirani nashuka Katonga kula samaki, migebuka. Nimeshawaambia wenzangu, mmoja kakubali.