Mjadala: Mtoto kusomea nyumbani, tumruhusu mzazi au tumkataze?

Wanajamvi, tulijadili hili bila matusi, maana kwenye makundi ya wazazi likitajwa tu watu hurushiana maneno. Mzazi Mkenya aruhusiwe kumsomesha mtoto wake nyumbani, au kila mtoto lazima akae darasani na wenzake?

Msimamo wangu: aruhusiwe, ila mtoto awe anaonekana.

Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013, kifungu cha 30, inamtaka mzazi ampeleke mtoto shuleni au kwenye taasisi nyingine iliyoidhinishwa na Waziri, akue kimwili, kiakili na kijamii. Nyumbani hakukutajwa. Ndiyo maana wengi wanaosomeshea nyumbani hunyamaza kimya, hawataki jirani ajue.

Nawaelewa. Septemba 2024 wavulana 21 walikufa kwa moto wa bweni kule Endarasha, Nyeri. Mzazi aliyetazama habari ile akaapa kwamba wake halali tena mbali naye, simlaumu hata kidogo. Yupo pia mwenye mtoto wa usonji aliyepotelea kwenye darasa lililofurika.

Wapinzani wanasema mtoto wa nyumbani hatajua kuishi na watu. Kwenye ploti yetu kuna familia inayosomesha wawili nyumbani. Yule mkubwa ana adabu, anaamkia wazee, anapiga soga na fundi viatu bila woga. Lakini jioni watoto wakicheza kati, ule mchezo wa kukwepa mpira, ukazuka ubishi, "Mpira umekugusa!" "Haujanigusa!", yeye hutoka mchezoni kwenda kumwita mama yake aje aamue. Wenzake wanapayuka kidogo, wanakubaliana mpira urudiwe, mchezo unaendelea. Kumaliza ugomvi bila mtu mzima watoto hujifunza wakati wa mapumziko shuleni, na hakuna kitabu cha kufundishia hilo. Hata hivyo naona anabadilika, kwa sababu ploti imejaa watoto na wazazi wake wanamwacha atoke. Angekuwa kwenye zile fleti ambazo soja hufukuza kila mwenye mpira, ningeogopa zaidi.

Kwa hiyo michezo si hofu yangu kubwa. Hofu yangu ni mtoto asiyeonwa na mtu mzima yeyote isipokuwa wazazi wake. Mwalimu wa darasa ndiye huona alama mgongoni, njaa, au mtoto mchangamfu aliyenyamaza ghafla. Shakahola, Kilifi, kuanzia 2023, ilifukuliwa miili zaidi ya 400, ikiwemo ya watoto. Kabla ya hapo waumini wa mhubiri Paul Mackenzie walihubiriwa kwamba shule ni uovu, wakawatoa watoto wao masomoni. Simlinganishi na watu wale mzazi anayeamka alfajiri kupanga masomo ya wanawe, na atakayesoma hivyo atakuwa amenionea. Ila mtoto asipoonekana, sisi wa nje tutajuaje yuko kwa nani?

Ujerumani wamekataza, na mwaka 2006 Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu ilikataa malalamiko ya wazazi waliopinga. Hoja mojawapo ilikuwa kuzuia makundi yanayojitenga na jamii. Marekani majimbo yote yanaruhusu, na mengine, kama Texas, hayamdai mzazi hata taarifa. Kwetu sioni faida ya kuiga upande wowote. Kukataza kutawafanya watu wajifiche zaidi, na kuachia tu kumeshatugharimu.

Napendekeza mzazi ajisajili kwenye ofisi ya elimu ya kaunti ndogo. Afisa amtembelee mtoto kila muhula na azungumze naye peke yake. Mtoto afanye mitihani ya KNEC, baraza la mitihani la taifa, kama wenzake. Na shule ya jirani impokee kwenye kwaya, timu ya mpira na mashindano. Hili ndilo nalipigania zaidi, maana halihitaji jengo jipya wala mwalimu wa ziada.

Walimu mlio humu, mtoto kama huyo akija mazoezini na viatu vyake, mkuu wenu atampokea au atauliza karo? Nanyi mnaosomeshea nyumbani, afisa akitaka kuongea na mwanao bila ninyi kuwepo, mtakubali?