Naomba ushauri: kadi ya grafiki kwa OptiPlex nyembamba inayotumia Debian (nipo Dodoma)

Mchoraji_Nkuhungu

Habari za jioni wakuu. Nina steshenari huku Nkuhungu, na nje ya kutoa kopi nawachorea watu nyumba. Wengi wana viwanja Nala, Mkonze na Nzuguni, na wanataka kuiona nyumba kwa macho kabla fundi hajachimba msingi.

Mashine yangu ni Dell OptiPlex 7010, ile nyembamba ya kulaza, i5-3470, RAM GB 8, Debian 12 (mfumo huria wa Linux). Grafiki ni ya ndani ya prosesa, Intel HD 2500. Blender, programu ya kuchora 3D, ile inayokuja na Debian, 3.4, inafunguka, ila nikizungusha nyumba yenye paa la vigae na miti mitatu, skrini inaganda hadi mteja anaanza kuangalia simu. Nikapakua toleo la 4, likagoma kabisa. Linadai OpenGL 4.3 (lugha ambayo programu huamrishia kadi kuchora) na HD 2500 haifiki huko.

Mfukoni nina laki tatu na nusu. Mmoja kaniambia nichukue RX 580 ya AMD, GB 8, mtumba, Kariakoo zipo. Mwingine anasema GTX 1060 ya NVIDIA. Windows sirudi. Na draiva iliyofungwa, ile ambayo msimbo wake hauonyeshwi, naikwepa nikiweza, kwa sababu mashine hii ndiyo inayolisha watoto, na kwa miaka minne kila kilichoharibika ndani yake nimekirekebisha mwenyewe kwa kusoma.

Pia vijana wa Chuo cha Mipango huja kuchapisha ramani, nawafungulia QGIS, programu ya ramani, hapo hapo. Nayo inazidi kuwa nzito. Kadi itasaidia?

Fundi_Majengo

Mkuu, kabla ya kubishana kuhusu kampuni, fungua hilo boksi usome stika ya pawa saplai. Utakuta wati 240, na hakuna hata waya mmoja wa pini 6 au 8 wa kulishia kadi. RX 580 peke yake inakula wati 185 na inataka pini 8. GTX 1060 ni wati 120, nayo inataka pini 6. Zote mbili zimeshatoka kwenye hesabu, na hapo hatujagusa urefu: boksi lako linapokea kadi fupi tu, zile za nusu kimo. RX 580 haiingii hata ukivua mfuniko.

Wapo watakaokuuzia adapta ya kuchota umeme kwenye waya wa SATA. Kataa. Nililetewa mashine ya hivyo mwaka jana, plagi ilikuwa imeyeyuka, plastiki nyeupe imegeuka kahawia na kung'ang'ania kwenye hadi diski. Kuitoa nilitumia koleo.

Sloti yenyewe inatoa wati 75 zisizozidi. Tafuta kadi inayoishi ndani ya hizo, nusu kimo, na unene wa sloti moja. Pima kwa rula kabla hujatoa hela.

Keneli_Huru

Nakubaliana na fundi. Naongezea upande wa draiva, maana ndiko roho yako iliko.

Kadi za AMD za leo zinaendeshwa na amdgpu, ambayo imo ndani ya keneli (kiini) ya Linux tangu 4.2, mwaka 2015. Juu yake kuna Mesa, inayoleta OpenGL, huria nayo. Hupakui kitu kwenye tovuti ya mtu. Kinachobaki kimefungwa ni faili za fimwea, programu ndogo za kadi yenyewe, ambazo kadi inapakiwa wakati wa kuwaka. Kwa Debian 12 diski ya kusakinishia inakuja nazo tayari. Kama wewe ni wa msimamo mkali hata hizo zitakukera, lakini kadi mpya isiyozihitaji sijui utaitoa wapi.

Kwa NVIDIA lazima uangalie kizazi. GTX 1060 ni ya kizazi cha Pascal. Draiva huria ya nouveau inaiwasha, ila haiwezi kuipandisha spidi kwa sababu fimwea inayohitajika imesainiwa na kampuni. Kadi inabaki kutembea kwa mwendo wa kuamkia. Na draiva iliyofungwa, toleo la 580 ndilo la mwisho kuihudumia Pascal. Kuanzia Turing, yaani GTX 16 na RTX 20 kwenda juu, mambo ni nafuu: Mei 2022 kampuni ilifungua moduli za keneli, na nouveau nayo imepata njia ya kupandisha spidi. Lakini CUDA (njia ya NVIDIA ya kukokotoa kwa kadi) na OpenGL ya kampuni bado vimefungwa.

Kwa boksi lako mimi nasema RX 6400. Wati 53, haina plagi ya umeme, GB 4, na nusu kimo zipo.

Ramani_Dom

Mbukwenyi. Kaka, kwenye QGIS usitegemee muujiza wa kadi. Ramani ya kawaida inachorwa na prosesa, kadi inaingia kwenye mwonekano wa 3D tu. Mimi natengeneza ramani za vijiji kila siku, na kilichoniokoa ni kutoka RAM GB 8 kwenda 16, na kuhamisha mafaili kwenye SSD. Halafu waambie hao vijana wakulete GeoPackage, faili moja yenye kila kitu, badala ya shapefile zilizotawanyika kwenye flashi, na wajenge spatial index (faharasa ya mahali) kabla ya kuanza kuvuta ramani huku na huku. Kuna mmoja alikuja na mipaka ya kata zote nchini ilhali anachapisha Bahi peke yake! Tukakata Bahi ikabaki yenyewe, ikafunguka papo hapo.

RAM ya mashine hiyo ni DDR3, mtumba wake si ghali. Tenga kiasi kwa hilo kwanza.

Mpwapwa_3D

Mimi nitapingana kidogo, kwa nia njema. Mchoraji, unarenda (yaani kutoa picha ya mwisho) kwa Eevee, injini ya haraka ya Blender, au kwa Cycles, ile ya polepole inayofuata mwanga halisi? Hilo ndilo swali lenyewe na hakuna aliyekuuliza.

Eevee inatumia OpenGL, kwa hiyo kadi yoyote nzuri itakufaa. Cycles ni habari nyingine. Blender iliondoa OpenCL, njia ya zamani ya kutumia kadi, kwenye Cycles tangu 3.0, na kwa AMD sasa inatumia HIP, njia ya AMD yenyewe, ambayo RX 580 na RX 550 hazimo. Kwa maana hiyo hata ungekuwa na boksi kubwa, ile RX 580 ingekuachia prosesa ifanye kazi yote. Vijana wengi wananunua bila kujua hili, inaniuma kila nikiona. RX 6400 imo, ila lazima usakinishe HIP pembeni, na GB 4 inajaa upesi ukiweka majani na nyasi. GTX 1650 fupi, wati 75, inafanya Cycles kwa CUDA bila kusumbuana, ila ndiyo hiyo draiva iliyofungwa.

Nami natumia draiva ya aina hiyo, na ukweli wake niuseme. Siku moja nilipandisha keneli bila kuweka linux-headers za keneli hiyo, moduli haikujengwa, asubuhi nimekaa mbele ya skrini nyeusi na mteja ametoka Kibaigwa kwa basi la kwanza. Kosa langu. Lakini kwa amdgpu kosa hilo halina pa kutokea.

Mchoraji_Nkuhungu

Asanteni sana. Nimefungua boksi, stika ni 240 kama fundi alivyosema, na waya hakuna. Kwa kweli natumia Eevee. Wateja wangu wanataka picha tatu nne za WhatsApp, Cycles naigusa kwa picha ya kibao tu, nayo naiacha usiku kucha. Video ninakata mara chache, za sherehe za ndugu.

Keneli_Huru

Basi RX 6400 inakutosha. Ujue mawili. Haina kifaa cha kusimba video, hivyo Kdenlive itatoa video kwa prosesa kama inavyofanya sasa. Pia inatumia njia nne tu za PCIe (sloti ya kadi), na mashine yako ni PCIe 3.0, kwa hiyo itapungua kidogo ikilinganishwa na mashine mpya. Kwa Eevee ya nyumba moja sidhani utalia.

Vumbi_la_Dom

Ukinunua mtumba nenda na flashi yenye Debian ya kuwashia bila kusakinisha, na ikiwezekana beba boksi lako. Jina lililoandikwa kwenye kava au linaloonekana kwenye Windows ya muuzaji lisikuridhishe. Kuna kadi kuukuu za GTX 550 Ti zilizobadilishwa BIOS zikajiita 1050 Ti. Andika `lspci -nn`, soma chipu yenyewe. Kisha `glxinfo -B`, uone jina na kumbukumbu. Kwa RX 580 ndiyo usiseme: zipo za 2048SP ambazo kiuhalisia ni kama RX 570, na nyingi zilichimba sarafu ya Ethereum mchana na usiku hadi Septemba 2022.

Na feni. Izungushe kwa kidole, isikwaruze. Vumbi letu la kiangazi ni jembamba mno, linaingia kwenye mhimili wa feni na kugeuka ugoro. Boksi usiliweke chini sakafuni, liinue juu ya meza mbali na mlango.

Mchoraji_Nkuhungu

Narudi na mrejesho. Nilishuka Dar na treni ya asubuhi, boksi kwenye begi la mgongoni. Muuzaji wa kwanza alikataa kuwasha flashi yangu, nikaondoka. Wa pili alinipa waya wa umeme na skrini, akasimama kuangalia naye. `lspci` ikasema Navi 24, chipu ya RX 6400. `glxinfo` ikaandika RX 6400, GB 4, OpenGL 4.6. Nikalipa, nikaongeza elfu arobaini juu ya bajeti, RAM itasubiri mwezi ujao.

Shida ilikuwa bati la nyuma: kadi ilikuja na bati refu, lile fupi lilipotea. Fundi_Majengo kanikatia jingine kutoka kadi mbovu ya mtandao, matundu mawili ya skrubu akatoboa upya. Limekaa sawa, mfuniko umefunga.

Blender 4 imefunguka. Nyumba ya Mkonze nimeizungusha na miti yote, mwenyewe akiwa amekaa pembeni yangu, akaniomba nisogeze dirisha la jikoni litazame mashariki. Nimelisogeza akiwa anaangalia.

Ramani_Dom

Hongera kaka. Lile bati fundi alilikata kwa msumeno au mkasi? Nina kadi yenye shida hiyo hiyo.

Fundi_Majengo

Mkasi wa bati, halafu tupa ndogo kulainisha ukingo. Lete Jumamosi, niko Majengo sokoni hadi saa kumi.