Simu ya marehemu kaka yangu: je, sheria inazilinda siri zake?

Binti wa Buruburu: Wanajukwaa, nawasalimu. Kaka yangu alifariki mwezi wa tatu. Simu yake imo katika droo ya mama, na hadi leo ikiwashwa hutetemeka kwa jumbe za programu ya mikopo zikimdai kana kwamba yu hai. Deni si hoja yangu. Binamu yetu, anayeijua nambari ya siri, aliifungua juzi, akasoma mazungumzo ya kaka na mwanamke fulani, akatuma picha mbili katika kundi la WhatsApp la ukoo. Je, Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya ya 2019 inamlinda marehemu?

Wakili wa Milimani: Pole kwa msiba, dada. Sheria hiyo haikumfikiria marehemu. Kifungu cha 27 kinaruhusu haki za data zitekelezwe na mtu mwingine kwa niaba ya mtoto, ya mwenye ulemavu, au ya yeyote aliyemwidhinisha, aliyekufa hatajwi. Lakini mazungumzo ni ya watu wawili, na mwanamke yule yu hai, kwa hiyo yeye anaweza kupeleka malalamiko kwa Kamishna wa Data. Binamu atajitetea kwa kifungu cha 51, kinachosamehe matumizi ya kibinafsi na ya nyumbani, ingawa kundi la ukoo mzima ni nyumba kubwa mno. Simu yenyewe ni mali ya urithi, na kifungu cha 45 cha Sheria ya Urithi kinakataza kuingilia mali ya marehemu bila idhini. Ombeni barua za usimamizi, yaani idhini ya mahakama ya kusimamia mali ya marehemu.

Mzee wa Eastleigh: Wakili, barua hizo zitalinda simu; siri sina hakika. Mwaka 2018 mahakama ya juu ya Ujerumani iliwapa wazazi wa msichana aliyefariki 2012, akiwa na miaka 15, haki ya kuirithi akaunti yake ya Facebook pamoja na jumbe zote. Msimamizi wa mirathi naye ana macho. Mimi naona afadhali Ufaransa, ambako tangu 2016 mtu huweza kuacha maagizo kuhusu data yake, au Denmark, inayoendelea kuilinda kwa miaka 10 baada ya kifo.

Binti wa Buruburu: Ahsanteni. Mama ndiye atakayeomba barua, na ufunguo wa droo sasa anao yeye. Yule mwanamke nimempigia. Hakusema kama atalalamika, aliuliza tu ni picha zipi.