Tupeane uzoefu: Subaru Forester SG5 na Toyota RAV4, zote kizazi cha pili, wewe umekaa na ipi?

Mleta mada
Wakuu, Forester yangu ya 2003, injini ya EJ20 isiyo na turbo, nilikaa nayo miaka minne. Sasa naendesha RAV4 ya 2002, injini ya 1AZ. Zote lita 2, zote otomatiki ya gia 4, lakini ukizishika barabarani ni vitu viwili tofauti kabisa.

Forester injini yake imelala, pistoni zinapiga kushoto na kulia, kwa hiyo uzito uko chini. Kona unaingia na gari imetulia, abiria hashiki mpini. RAV4 iko juu na ni fupi, kona ileile lazima upunguze. Ila kwenye foleni na maegesho ya kubanana RAV4 ni raha, unageuza pale Forester inarudi nyuma mara mbili.

Nyumbani mzigo ndio ulioamua. Viti vya nyuma vya RAV4 nilivitoa kabisa, friji ikaingia ikiwa imesimama. Tatizo mlango wa nyuma umebeba tairi la akiba na unafunguka kwa ubavu. Gari nyingine ikikuganda nyuma, mzigo hautoki. Forester unanyanyua juu, basi.

Wenzangu mnasemaje?

Mchangiaji wa kwanza
RAV4, mwaka wa sita. Ina cheni ya taiming, ile inayooanisha valvu na pistoni, sina habari za kubadilisha mkanda kama wa Forester. Kabla ya kununua hakikisha kama ni D4. Kwenye injini ya D4 petroli inapulizwa moja kwa moja ndani ya silinda, valvu za kuingiza hewa hazioshwi na mafuta, masizi yanaganda. Yangu si D4 na nashukuru.

Mchangiaji wa pili
Mimi ni Forester, na naipenda, lakini niseme nilichofanya. Rejeta ilikuwa inavuja tone tone, nikawa naongeza maji kila asubuhi badala ya kuziba. Siku moja kwenye mlima mrefu mshale wa joto ukapanda, nikajipa moyo kwamba nakaribia kufika. Nilipofungua boneti, chupa ya akiba ilikuwa inatoa mapovu kama sufuria ya uji. Gasketi za silinda hedi zote mbili zilikuwa zimeungua, maana injini hii ina hedi mbili. Fundi aliishusha injini nzima. Mshale ukipanda, zima hapo hapo.

Mchangiaji wa tatu
Forester usichanganye tairi mpya na zilizoisha. Magurudumu manne yanavuta muda wote, ukubwa ukitofautiana mfumo unaogawa nguvu kati ya magurudumu ya mbele na ya nyuma unaumia. Mimi nanunua nne kwa mpigo.

Mleta mada
Mkuu wa rejeta, pole sana. Ulipofunga gasketi mpya, mkanda wa taiming na pampu ya maji ulibadilisha siku hiyohiyo? Mdogo wangu anataka kuchukua SG5 na muuzaji hajui mkanda ulibadilishwa lini. Nimemwambia ahesabu kuwa haujawahi kubadilishwa.