Mrejesho: ngozi ya silikoni ya kujifunzia kushona vidonda

Ndugu zangu, nililalamika hapa kwamba uzi unaichana ngozi yangu bandia kila nikikaza fundo, na sehemu nilizozishika hazigandi, zinanata tu. Asanteni sana mlionijibu.

Aliyesema niache glavu za mpira wa asili alipatia kabisa: salfa iliyomo huzuia silikoni ya platinamu, yaani ile inayogandishwa kwa kichocheo cha platinamu, isigande. Nimevaa za nitraili (mpira wa kutengenezwa kiwandani), imeganda yote. Kitambaa cha wavu nilichokilaza kati ya tabaka mbili nacho kimefanya kazi. Fundo linakaa, kingo za kidonda zinakutana bila kuchanika. Nilifurahi mno!

Tabaka la chini, linaloiga mafuta ya mwilini, ndilo limenishinda. Nilizidisha mafuta ya silikoni ili lilainike, sasa yanavuja na sindano inateleza kwenye koleo. Nitapunguza, nimimine upya.